Uzee na Ngoma: Mazungumzo kwa Wazee Wanaotumbuiza

   Mazungumzo haya yametokana na ujumbe wa mama mmoja wa Kaloleni.

Jina lake silitaji, kama alivyoomba. Anasema ana umri wa miaka 68, ni mjane, na yumo katika kikundi cha akina mama kinachoitwa kutumbuiza kwenye harusi na sherehe. Wanacheza chakacha, na wanacheza ngoma za Kitaita pia. Yeye ndiye wa mbele. Ndiye anayejifunga leso kiunoni, akafanya utani, akazungusha nyonga mpaka wageni wanatokwa na machozi kwa kicheko. Sasa mwanawe mkubwa amemwambia aache. Kwanza, mama ana presha. Pili, mwana anaona aibu. Na mama mwenyewe ameongeza jambo la tatu, ambalo anasema hajapata kumwambia mtu: akirukaruka au akicheka sana, mkojo humponyoka kidogo. Anauliza, je, niache?

Mama, jibu langu fupi ni hapana, usiache. Jibu refu litachukua muda wetu uliobaki, maana kuna mambo ya kupima na mengine ya kubadilisha.

Nianze na hilo la aibu, ingawa mimi ni mtu wa afya. Nimeona wagonjwa wengi wazee waliowekwa ndani na watoto wao kwa nia njema kabisa. Mama amekatazwa shamba, amekatazwa soko, amekatazwa ngoma, amewekewa kiti kizuri mbele ya televisheni. Baada ya mwaka mmoja mapaja yamekwisha nguvu, hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono, na hana la kuhadithia mtu. Misuli ya mzee isipotumiwa huisha upesi kuliko ya kijana, na kuirudisha ni kazi kubwa.

Na hiyo aibu yenyewe tuitazame vizuri. Hapa Pwani yetu, ngoma za kiuno hazikuwa mali ya wasichana peke yao. Chakacha na vugo zilichezwa na wanawake kwa wanawake, ndani ya ua au ukumbi wa harusi, na waliokuwa wakiongoza ni watu wazima. Somo anayemfunda bi harusi ni mama aliyeishi na kuyaona. Ana ruhusa ya kusema kwa utani yale ambayo msichana akiyasema ataambiwa hana adabu. Vivyo hivyo nyumbani: katika makabila yetu mengi nyanya humwita mjukuu wake "mume wangu", wakataniana mchana kutwa, na hakuna anayeshangaa. Utani huo huruka kizazi. Mwana hutahayari kwa sababu yeye ni mwana, na huwezi kumlaumu. Lakini ukiwauliza wajukuu, hao ndio watakaokuwa mstari wa mbele wakipiga makofi. Kwa hiyo, mama, mwanao si shahidi mzuri katika kesi hii. (Mambo ya dini nawaachia viongozi wenu wa dini. Hapa nazungumzia mwili na moyo.)

Mfano mkubwa tunao wa jirani. Zanzibar aliishi Bi Kidude, jina lake la kuzaliwa Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, lakini alipofariki alikuwa ameishi miaka mingi sana, na wengi walimhesabia zaidi ya mia moja. Alikuwa mwimbaji wa taarabu, na zaidi ya hayo alikuwa mwalimu wa unyago: aliwafunda wasichana kwa ngoma, kwa kiuno na kwa maneno ambayo redioni siwezi kuyarudia. Akipiga ngoma ya msondo alikuwa akisimama nayo mapajani, mwanamke mwembamba na ngoma ndefu. Sifa za dunia zilimjia uzeeni. Tuzo ya WOMEX, ambayo hutolewa kwa wanamuziki wa mataifa mbalimbali, aliipata mwaka 2005, na mwaka 2006 ikatolewa filamu kuhusu maisha yake. Alikuwa akivuta sigara hadharani, na hilo naomba msimwige. Lakini yale mengine mwigeni.

Nchi za mbali nazo wana mambo yao. Ulaya na Marekani kuna maonyesho ya jukwaani yanayoitwa baleski, ambamo mwanamke huchanganya dansi, utani na madaha ya kuvua glavu au kitambaa kimoja kimoja huku watu wakicheka na kupiga kelele. Siku hizi huko kuna akina mama waliokwisha kustaafu kazi wanaojiunga na maonyesho hayo kwa kujifurahisha tu, bila kutafuta pesa. Ukiwauliza wanapata nini, watakwambia jambo lile lile ambalo mama wa Kaloleni ameliandika katika ujumbe wake: kwamba nikiwa pale mbele mimi si mgonjwa wa mtu wala mzigo wa mtu. Bibi mmoja maarufu wa kazi hiyo, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Tempest Storm, alizaliwa mwaka 1928 na aliendelea kupanda jukwaani hadi mwaka 2010, akiwa na miaka 82. Mwaka huo alianguka jukwaani huko Las Vegas akavunjika nyonga. Aliishi mpaka mwaka 2021, akafariki akiwa na miaka 93. Kuanguka nitakurudia baadaye, maana ndiko ninakokuogopa kuliko presha.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku tatu au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Wazee wengi wakisikia hivyo hufikiria kukimbia uwanjani na viatu vya bei ghali. Lakini hebu hesabu. Kikundi kikifanya mazoezi ya ngoma mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara, dakika 150 zimetimia, na kusimama kwa mguu mmoja na kugeuka kumeingia humo humo. Kutembea ni kuzuri, lakini mtu anayetembea peke yake hakumbuki nyimbo, hasikilizi mwenzake aitikie wapi, wala hapangi hatua na watu kumi. Ngoma hutumia kichwa na miguu kwa pamoja.

Kuna utafiti uliofanywa New York na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa kuona ni nani atapata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Katika mazoezi yote ya mwili yaliyoulizwa, kucheza dansi ndiko peke yake kulikoonekana kuambatana na hatari ndogo ya ugonjwa huo. Kupiga ala za muziki pia kulionekana kuwa na faida, kwa hiyo wazee mnaopiga ngoma na kayamba msinung'unike, nanyi mmo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ngoma ni dawa. Huenda wale wenye akili timamu ndio wanaopenda kucheza. Hata hivyo, mimi nikipewa kuchagua, nitachagua ngoma.

Upweke nao ni jambo ambalo hospitalini hatulipimi kwa mashine. Mjane aliyezoea kuandaa chakula cha watu wanane sasa anapikia sufuria ndogo. Kikundi kinampa siku ya kungojewa. Asipofika, wenzake watamtuma mtu kumtazama. Na kitendo cha kutazamwa chenyewe kina uzito wake. Kwa Kigiriama na Kiduruma, kulola ni kutazama, na hilo jina la Kaloleni kwa lugha hizo ni kama kuwaambia watu nendeni mkatazame. Mzee huzoea kutazamwa na daktari, na anayetazamia anguko lake, na anayekadiria shamba lake. Kutazamwa kwa sababu unafurahisha watu ni kitu kingine kabisa.

Haya, presha. Mama, kuwa na shinikizo la damu si sababu ya kuacha kucheza. Mazoezi ya kawaida husaidia kulishusha. Lakini ni lazima ujue nambari zako. Ikiwa unapimwa na kukutwa 140 juu ya 90 au zaidi mara kwa mara, dawa zako zinahitaji kutazamwa upya. Ukikutwa 180 juu ya 110 au zaidi, siku hiyo usicheze, nenda kliniki. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari, kwa hiyo mwombe wa mtaa wenu apime kikundi kizima siku ya mazoezi. Ni kazi ya nusu saa. Dawa za presha usiziruke siku ya onyesho. Najua baadhi yenu mnaziruka kwa sababu zinawapeleka chooni kila mara. Badala ya kuziacha, mwulize daktari kama unaweza kuzinywa saa nyingine.

Kipimo cha nguvu ya kucheza ni sauti yako. Ukiwa unacheza na bado unaweza kuzungumza, lakini kuimba ubeti mzima kunakushinda, hapo ndipo kwenye mazoezi ya wastani. Ukishindwa hata kusema maneno matatu, punguza. Ndiyo maana naupenda mtindo wetu wa mmoja kuanzisha na wengine kuitikia: kila mtu hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Asiyeweza kuimba na kucheza kwa pamoja aanzishe wimbo akiwa amesimama, wenzake wacheze.

Kabla ya kutoka mbele ya watu moyo utadunda, mikono itatoa jasho, na utataka kwenda haja ndogo. Hiyo ni hofu ya jukwaa na hata vijana wanayo. Lakini maumivu ya kubana kifuani yanayopanda shingoni, tayani au kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho baridi na pumzi fupi, hayo si hofu. Acha mara moja, ukae, upelekwe hospitali. Hapa Voi tunayo hospitali ya rufaa ya Moi. Usisubiri sherehe iishe.

Magoti. Watu husema mwenye magoti mabovu akicheza atayamaliza. Sivyo. Goti lenye ugonjwa wa viungo hubebwa na misuli ya paja, na misuli hiyo ikiwa imara goti huuma kidogo. Jambo la kuepuka ni kuchuchumaa mpaka chini, na kuzungusha mwili huku unyayo umegandamana na ardhi. Zungusha nyonga, unyayo ufuate. Ukicheza leo na kesho asubuhi maumivu bado yapo zaidi ya kawaida, onyesho lijalo punguza muda. Na hapa niseme kwa sauti: akina mama na wazee wanaonunua diklofenaki au Brufen dukani wanywe kabla ya kucheza, tafadhali acheni tabia hiyo. Dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo na huchoma tumbo, na kwa mzee anayekunywa dawa za presha hatari huongezeka. Panadoli ni salama zaidi kwa wengi, kwa kipimo kilichoandikwa.

Wenye kisukari mna mambo yenu matatu. Miguu yenu huenda imepoteza hisia, kwa hiyo msicheze pekupeku kwenye murram na miiba yetu ya Voi hata kama ngoma ya asili inataka hivyo. Raba nyepesi isiyoteleza haijamharibia mtu utamaduni. Njuga nazo ni nzito na hukwaruza ngozi ya kifundo cha mguu. Fungeni kitambaa laini chini yake, na mkirudi nyumbani mkague miguu kwenye mwanga. Tatu, ukicheza sana bila kula na umemeza vidonge vya kushusha sukari, sukari yaweza kushuka mno ukatetemeka na kuzimia. Kula kwanza, na uwe na peremende au sukari kwenye pindo la leso.

Sasa kuanguka. Karibu theluthi moja ya watu waliofikisha miaka 65 huanguka angalau mara moja kila mwaka. Mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi zamani huwa imepungua uzito, na nyonga iliyovunjika ni safari ndefu ya hospitali. Kwa hiyo kagueni mahali pa kuchezea kabla ya wageni kufika: waya za spika, mkeka uliokunjika, simenti iliyomwagikiwa soda. Leso isiburute chini. Jukwaa la mbao la kukodi lisilo na kishikio, mwambieni mwenye sherehe mtacheza chini. Na nyumbani, kila siku, simama nyuma ya kiti, ukishike, uinue mguu mmoja uhesabu mpaka kumi, kisha mwingine. Baada ya wiki chache utashika kwa kidole kimoja tu.

Nimefika kwenye lile ambalo mama hajamwambia mtu. Mama, hauko peke yako. Ukiwauliza wenzako kumi wa kikundi kwa faragha, nina hakika utapata wengine. Mkojo kuponyoka unapocheka, kukohoa au kuruka hutokana na kulegea kwa misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi. Kuzaa huilegeza, umri huilegeza, uzito wa tumbo huisukuma. Wanawake wengi huacha ngoma, huacha kanisa, huacha hata safari za matatu kwa sababu hii, na wakiulizwa husema ni mgongo.

Tiba ya kwanza haina gharama. Kaza misuli hiyo kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kukaza tumbo wala makalio, bila kuzuia pumzi. Shikilia kadiri ya sekunde tano, legeza, rudia mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ukiwa unachambua mchele au umeketi ukinisikiliza mimi. Endelea kwa miezi mitatu kabla ya kusema haisaidii. Wengi huona nafuu. Usifanye zoezi hilo wakati unakojoa. Unapotaka kuruka au unapohisi kicheko kinakuja, kaza kwanza. Leso ya kiuno ifunge kwenye mifupa ya nyonga, usiikaze juu ya tumbo, maana hapo inakandamiza kibofu. Nenda haja kabla ya kutoka, lakini usiache kunywa maji. Pedi nyembamba na leso ya rangi nzito zitakupa utulivu wa moyo. Ukiona damu kwenye mkojo, ukihisi moto unapokojoa, au kitu kama uvimbe kinashuka ukeni, nenda kliniki. Hayo yana matibabu yake.

Na maji nimeyataja kwa sababu. Voi ni joto, nyote mnajua. Mzee hahisi kiu upesi kama kijana. Vikundi vya wazee huitwa kutumbuiza kwenye mikutano ya hadhara saa tatu asubuhi, wakasimamishwa juani kumngoja mgeni wa heshima anayefika saa saba, wakacheza dakika nne, wakapewa soda moja moja wakaondoka. Mimi naliita jambo hilo kwa jina lake: ni dharau, na ni hatari. Mwenyekiti wa kikundi aseme kabla ya kukubali mwaliko: tunataka kivuli, viti, maji ya kunywa, choo kilicho karibu, na saa ya kucheza ijulikane. Asiyeweza kutoa hivyo akodi vijana.

Vikundi vya mwazindika, ile ngoma ya Wadawida iliyochezwa zamani kuwatibu waliopandwa na pepo na ambayo leo tunaiona kwenye sherehe, vina wazee wanaopiga ngoma kwa muda mrefu bila kupumzika. Nao wapokezane. Mgongo wa mpiga ngoma huchoka kabla ya mikono.

Mama wa Kaloleni, wiki hii pima presha mara mbili, uandike nambari kwenye karatasi. Anza lile zoezi la kukaza leo usiku. Kisha mwalike mwanao kwenye onyesho lijalo, umkalishe karibu na wapiga ngoma na umpe kazi ya kushika chupa ya maji, ili awe na la kufanya wakati anaona haya. Karatasi ya majina ya dawa zako aiweke mfukoni mwake.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutazungumza kuhusu mtoto wa jicho, na ni lini mtu afanyiwe upasuaji. Kwaherini.